Pikipiki Ndogo Ndiyo Huamua Mwendo: Keringet hadi Malindi

Maandishi ya mazungumzo na waendeshaji pikipiki wa Keringet, Kuresoi Kusini, kuhusu safari ya marafiki kwenda Pwani



Desemba ikikaribia, mazungumzo fulani huanza kwenye steji. Viazi vimeuzwa, shule zimefungwa, na mtu mmoja anasema, "Mwaka huu twende Mombasa na pikipiki zetu." Wengine hucheka. Wengine hutoa simu na kuanza kuhesabu kilomita. Wachache hufunga mizigo kweli.

Wazo hilo si la kuchekwa. Mnamo Desemba 1934, marafiki wawili wanawake, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, na Julai 1935 wakaingia Cape Town. Kijana wa Keringet anayekwenda Malindi leo ana lami karibu njia yote, vituo vya mafuta na simu mfukoni. Safari inawezekana, hata kwa pikipiki ya kawaida ya kubebea abiria. Linalobaki kuulizwa ni kama wote wanaoondoka watarudi.

Hebu tuchukue mfano wa marafiki watano. Wanne wana pikipiki mpya za cc 150. Wa tano ana ya cc 100, ya zamani, aliyoachiwa na kaka yake. Wanaondoka pamoja asubuhi. Wakifika Gilgil, wanne wako mbele na wa tano haonekani tena kwenye kioo. Yeye anaona haya kwamba anachelewesha wenzake. Anafungua mafuta hadi mwisho. Anaanza kuyapita malori mahali ambapo haoni mbele. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna aliyemwambia aharakishe. Aibu ndiyo inayomwendesha.

Hapo ndipo hatari ya safari ya marafiki inapoanzia, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Mambo mengine yote, kuanzia tairi hadi mahali pa kulala, yanafuata nyuma ya hilo.

Wafugaji wa sehemu hii wanalijua jambo hili tangu utotoni. Ng'ombe wakipelekwa kunywa maji, mwendo huamuliwa na yule anayechechemea. Mchungaji akifuata dume lililo mbele, jioni atahesabu na kukosa mmoja. Wanariadha nao wanalijua. Faith Kipyegon, aliyekulia maeneo haya ya Keringet, ameshinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 1500 mara tatu mfululizo. Juni 2025, mjini Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alizungukwa na wakimbiaji wa kumsaidia, baadhi mbele na baadhi nyuma, na wote walifuata mwendo uliopangwa kwa ajili yake. Hakufikia lengo hilo, lakini kwa dakika 4 na sekunde 6 alikwenda kasi kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kukimbia umbali huo. Hakuna msaidizi aliyetoka mbio kuonyesha nguvu zake.

Kundi la pikipiki liwe hivyo. Kabla ya kuondoka, mwenye pikipiki ndogo kuliko zote aulizwe mbele ya wenzake: "Unaenda kwa mwendo gani bila wasiwasi?" Akijibu kilomita 60 kwa saa, hiyo ndiyo sheria ya kundi hadi Malindi na kurudi.

Kuhusu pikipiki yenyewe

Pikipiki nyingi za hapa si za matembezi. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, maelfu ya vijana nchini wamezifanya kazi. Pikipiki hulipa karo, hununua unga, na mara nyingi bado ina mkopo. Ikianguka Mtito Andei, anayeumia si mwendeshaji peke yake. Kwa hivyo aliye na mkopo azungumze kwanza na aliyemkopesha, na amuulize mwenye kampuni ya bima kama bima yake inahusu safari ya namna hii. Kila mmoja abebe kitambulisho, leseni ya daraja linalofaa, cheti cha bima na nakala ya hati ya umiliki. Mwenye leseni iliyokwisha muda asiondoke akitumaini kwamba polisi hawatamsimamisha.

Fundi apewe pikipiki wiki moja kabla, wala si usiku wa kuamkia safari. Abadilishe oili, aangalie breki zote mbili, cheni, taa, kebo ya klachi na tairi. Kuna jambo jingine ambalo watu wa milimani husahau. Keringet iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi. Ikiwa kabureta imerekebishwa kwa ajili ya huku juu, ikifika Pwani kwenye hewa nzito injini itapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji na itapata moto kupita kiasi. Fundi aambiwe pikipiki inakwenda wapi. Upepo wa tairi nao upimwe upya kila asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, kwa sababu kipimo cha Keringet hakitabaki vilevile ukishuka hadi baharini.

Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 1,600. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita itahitaji takriban lita 40 za petroli, bila kuhesabu mizunguko ya huko. Fedha ya petroli ya kurudi itengwe siku ya kwanza na ikabidhiwe mtu mmoja anayeaminika. Isichanganywe na ya chakula.

Kupanga kundi barabarani

Anayeongoza awe mtulivu, si mwenye pikipiki kali. Mwenye pikipiki ndogo akae nyuma yake moja kwa moja, ili kiongozi amwone kwenye kioo wakati wote. Wa mwisho awe mzoefu kuliko wote, na yeye ndiye abebe spana, pampu, tyubu, plagi na kiungo cha cheni. Yeyote akikwama, wa mwisho atamkuta.

Barabara ikinyooka, wakae kwa mtindo wa zigizagi: mmoja kulia kidogo, anayefuata kushoto kidogo, na nafasi ya kutosha katikati. Wakifika kwenye kona, wajipange mstari mmoja. Kulipita lori ni uamuzi wa kila mtu peke yake. Wa kwanza akipita salama, hiyo si ishara kwamba njia iko wazi kwa wa pili. Kwenye kila njia panda, kila mtu ahakikishe anamwona aliye nyuma yake. Asipomwona, apunguze mwendo na asimame mahali salama. Aliye mbele yake naye atakosa kumwona, atasimama, na hivyo hivyo hadi kwa kiongozi. Kundi zima litasimama bila mtu kupiga simu akiendesha.

Siku ya kwanza: kutoka Mau hadi Nairobi

Kundi liondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukipambazuka. Kutoka Molo, njia ya Elburgon na Njoro hadi Nakuru inaliepusha kundi na mteremko wa Sachangwan na Salgaa, ambako malori ya masafa marefu ni mengi. Watu wa kaunti hii hawahitaji kukumbushwa sana kuhusu Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Kundi likikuta lori la mafuta limeanguka popote njiani, lisisogee, lisipige picha, lisiwashe wala lisizime kitu karibu.

Funzo jingine liko jirani, katika Kaunti ya Kericho. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo na kuwagonga watu waliokuwa kando ya barabara, wakiwemo wachuuzi na wahudumu wa bodaboda. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa wamesimama tu. Kwa hivyo kundi likitaka kupumzika, lisisimame ukingoni mwa lami wala chini ya mteremko. Liingie ndani kabisa ya kituo cha mafuta au uwanja wa hoteli, mbali na magari yanayopita.

Baada ya Naivasha kuna njia mbili za kupanda kuelekea Nairobi. Ya Mai Mahiu ni nyembamba na ina malori. Ya juu, ya Kinungi na Limuru, huwa na ukungu asubuhi. Kundi lililotoka Keringet mapema litafika hapo mchana, ukungu ukiwa umeondoka. Nairobi yenyewe haina haja ya kupitiwa katikati. Barabara ya Southern Bypass inaanzia upande wa Kikuyu na kutokea barabara ya Mombasa. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway hairuhusu pikipiki, kwa hivyo asiwepo wa kujaribu. Walale mapema, nje kidogo ya jiji.

Siku ya pili: nyanda za joto

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, na wengine hujisifu kwamba wamezimaliza kwa siku moja. Kujisifu huko kusifuatwe. Kundi la pikipiki ndogo lilale Voi.

Hapa nchi inabadilika. Baridi ya Mau imebaki nyuma, jua linachoma, na upepo wa malori yanayopishana unaisukuma pikipiki nyepesi kama mkono wa mtu. Wengi huvua koti kwa sababu ya joto. Afadhali kuvaa shati jepesi la mikono mirefu chini ya koti la kuakisi mwanga, kufunga helmeti vizuri, na kunywa maji kila kituo hata kabla ya kuhisi kiu. Kila baada ya saa moja na nusu, kundi lisimame kwa dakika 15. Anayeanza kusahau mita chache alizopita tayari analala akiwa macho wazi.

Makindu, hekalu la Masingasinga hutoa chakula bure kwa wasafiri wa dini zote. Anayeingia huvua viatu, hufunika kichwa, na hukaa kwa adabu. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa. Kuanzia hapo barabara inapita kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu wanaweza kuonekana kutoka barabarani. Hiyo ni furaha mchana, na ni hatari usiku. Ndovu hana taa. Kundi liwe limefika Voi saa kumi na moja jioni. Likichelewa, lilale Mtito Andei hata kama chumba cha Voi kimelipiwa. Fedha ya chumba hutafutwa tena.

Siku ya tatu na ya nne: bahari

Baada ya Mariakani barabara inateremka Mazeras, hewa inakuwa nzito na yenye unyevu, na minazi inaanza. Wapo watu wazima wa Kuresoi ambao hawajawahi kuiona bahari. Mtu akiiona mara ya kwanza akiwa juu ya pikipiki aliyoilipia mwenyewe kwa kubeba magunia ya viazi kwenye matope, ana haki ya kunyamaza kidogo. Asimame kwanza kando, azime injini, ndipo atazame.

Mombasa ina tuktuk nyingi na malori ya bandari, kwa hivyo mwendo upungue zaidi. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Kutoka kisiwani, kundi linavuka daraja la Nyali kuelekea kaskazini. Barabara ya Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa, na sehemu za ujenzi huwa na michepuko na mchanga juu ya lami. Mchanga huangusha pikipiki hata kwenye mwendo mdogo.

Vipingo kuna mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka kama chai ya Kiptagich, ila mkonge una miiba. Kisha linakuja daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri. Kutoka juu ya daraja, maji ya mkono wa bahari yanaonekana chini kabisa, buluu upande mmoja na kijani upande mwingine. Ni marufuku ya akili ya kawaida kusimama katikati ya daraja kupiga picha. Kundi livuke, liegeshe, lirudi kwa miguu.

Mbele kuna msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto, na karibu yake magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioanza yapata karne ya 12 na kuachwa kufikia karne ya 17. Misikiti na nyumba zake za matumbawe bado zimesimama katikati ya miti. Watamu na Malindi zina hifadhi za baharini tangu 1968. Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika hapo mwaka wa 1498. Jioni, mtu atakula viazi karai au samaki wa kupaka, na asubuhi mahamri kwa mbaazi.

Mgeni ana adabu zake. Pwani salamu hutangulia swali. Mzee huambiwa "shikamoo" kabla ya kuulizwa njia. Injini hupunguzwa karibu na msikiti wakati wa sala. Pikipiki haiendeshwi ufukweni, kwani fukwe za Watamu ni mahali ambapo kasa hutaga mayai. Na mwendeshaji wa Keringet asibebe abiria wa kulipa kule hata akipungukiwa. Steji hizo zina wenyewe, kama za huku zilivyo na wenyewe.

Kurudi

Safari ya kurudi ndiyo inayohitaji subira zaidi. Mfuko umepungua, mwili umechoka, kazi inangoja, na kila mtu anadhani barabara anaijua sasa. Kundi lipumzike siku nzima Malindi kabla ya kugeuka. Oili iangaliwe tena. Ratiba ya kurudi iwe na siku zilezile za kwenda, zisipunguzwe.

Nyumbani abaki mtu mmoja mwenye orodha ya majina ya wote, namba za simu, namba za pikipiki na mahali watakapolala kila usiku. Kila jioni apigiwe simu. Ajali ikitokea, aliyeumia asiburutwe wala asivuliwe helmeti ovyo. Kwanza magari yazuiwe yasimfikie, kisha zipigwe namba 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Kuhusu neno moja

Linabaki neno moja, nalo halinunuliwi dukani wala halifungwi na fundi. Neno hilo ni "tusimame."

Kila mmoja katika kundi awe na haki ya kulitamka wakati wowote, bila kueleza sababu, na bila kuchekwa. Macho yakiwa mazito, tusimame. Breki zikitoa mlio mpya, tusimame. Wenzake wakiwa wamekunywa chupa mbili wakati wa chakula cha mchana na wanataka kuendelea, tusimame, na safari ya siku hiyo iishie hapo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini mtu hawezi kwenda pole peke yake katika kundi la watu wanaokimbia. Lazima wamkubalie.

Tumrudie yule wa tano, mwenye pikipiki ya cc 100. Kundi likimpanga nyuma ya kiongozi, likimuuliza mwendo wake, likasimama kila anaposema, atafika Malindi akiwa na wenzake wanne. Watachelewa siku moja, labda mbili. Atakaporudi steji ya Keringet, mama yake atamtambua kwa sauti ya injini ile ya zamani kabla hajamwona, na Jumatatu pikipiki itabeba magunia kama kawaida.

Wanaopanga kuondoka Desemba hii wakae pamoja kabla ya siku hiyo, na jamaa zao wawepo. Swali la kwanza liwe la mwenye pikipiki ndogo, na jibu lake liandikwe.